Samani zilizolowa mafuriko: fundi apige vanishi sasa, au nisubiri?

BintiMagomeni

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo nimelipatia majibu mawili yanayopingana, nami sina ujuzi wa kuamua lipi lifuatwe.

Nyumba yetu iko Magomeni, upande unaoteremka kuelekea bonde la Jangwani. Masika yalipozidi, maji ya Mto Msimbazi yalipanda usiku, yakaingia ndani hadi kimo cha magoti ya mtu mzima, na yakakaa humo mpaka mchana wa siku ya pili. Tulitoka wote salama, na kwa hilo tunamshukuru Mungu, kwa hiyo nisionekane ninalilia mbao wakati wapo majirani waliofiwa. Hata hivyo vyombo ndivyo vilivyobaki mikononi mwangu, na kila siku inayopita naona vinaharibika zaidi.

Vilivyolowa ni hivi. Kuna kabati la nguo la mninga lenye milango mitatu na droo nne, ambalo marehemu baba alilichongesha Keko mwaka 1987. Kuna meza ya kulia ya mkongo pamoja na viti vyake sita. Kuna seti ya sofa tuliyoinunua miaka mitano iliyopita, na kabati la televisheni la chipubodi, yaani zile mbao za chembechembe zilizogandishwa kwa gundi na kuvishwa karatasi laini. Mwisho kuna kasha la njumu, yaani lililopambwa kwa misumari ya shaba, la bibi mzaa baba, lililotoka Unguja, ambalo halikuzama bali lilisimama ndani ya maji kwa kadiri ya shubiri moja.

Fundi wa kwanza alikuja siku ya tatu baada ya maji kutoka. Alisema nimkabidhi kila kitu, atakianika juani kwa siku nne, atakipiga msasa na vanishi, na baada ya siku kumi nitavirudisha ndani vikiwa vinang'aa kuliko vilivyokuwa. Fundi wa pili alizigusa mbao kwa kiganja, akainama kuangalia miguu ya meza, kisha akasema nimtafute mwezi wa Julai. Mama yangu anaamini kwamba huyu wa pili anaikwepa kazi.

Hali ya sasa ni kwamba droo za kabati zimekaza kabisa, viti viwili vinayumba, juu ya meza yametokea mabaka meupe kama maziwa, mgongo wa kabati umeota ukungu, na ubao mmoja wa meza umeinuka kingo zote mbili mfano wa sinia. Je, nimsikilize nani? Na je, kuna vitu ambavyo napaswa kuviacha viende, badala ya kutupa fedha juu ya fedha?

SeremalaKeko

Dada, pole sana. Nimeshika randa kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka hiyo nimerudia kuitengeneza kazi nyingi iliyoharibiwa na watu wa siku kumi kuliko iliyoharibiwa na maji yenyewe. Msikilize fundi wa pili. Mtu anayekwambia arudi Julai wakati angeweza kuchukua malipo ya awali leo, huyo hakwepi kazi.

Nitaeleza sababu ili uweze kumweleza mama. Mninga na mkongo ni katika mbao imara kuliko zote tunazozipata nchini. Kiini chake hakiozi kwa kulowa siku moja wala mbili, na mninga unasifika kwa kutovimba na kusinyaa sana ukilinganisha na mbao nyingine. Kwa hiyo maji hayakuliua kabati la baba yako. Lakini ubao uliolowa hukauka kuanzia nje kwenda ndani. Ukiuanika juani, ngozi ya nje hutaka kusinyaa upesi wakati moyo wake bado umevimba, na kwa kuwa ngozi haina nafasi ya kusinyaa, inapasuka. Ndiyo maana nyufa nyingi huanzia kwenye ncha za ubao, ambako maji hutoka kwa kasi zaidi. Mtu akipiga vanishi juu ya ubao ambao ndani bado una maji, amefunga mlango huku mgeni yumo: vanishi itafanya mapovu na weupe, ukungu utaota chini yake, na baada ya miezi sita utaitwa mwenye mkosi wakati kosa ni la fundi.

Tuje kwenye vipimo. Ubao uliokwisha kutulia ndani ya nyumba ya Dar es Salaam, kwa hewa yetu ya pwani, hubaki na unyevu wa kama asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake mkavu. Ukungu hupata nguvu unyevu unapopita asilimia 20 hivi, na ubao uliolowa kama wako unaweza kupita 30 bila shida. Kuna kifaa cha kupima unyevu chenye sindano mbili zinazochomwa kwenye ubao, na fundi wa ukarabati anayejiita wa kisasa anapaswa kuwa nacho. Usipokipata, tumia mizani. Chukua droo moja, ipime kila Jumamosi asubuhi kwenye mizani ileile, uandike daftarini. Uzito utashuka haraka mwanzoni, kisha polepole, kisha utasimama. Ukisimama mahali pamoja kwa majuma matatu, mbao imetulia, na hapo ndipo msasa unaruhusiwa. Usishangae ikichukua miezi miwili au mitatu, kwa sababu wakati wa masika hewa yenyewe imelowa na haina kiu ya kunywa maji ya ubao.

Kwa sasa kuna kazi nne, na zote unaweza kuzifanya mwenyewe. Kwanza osha tope lote kwa maji safi yenye sabuni kidogo na brashi laini, kabla halijakauka na kugeuka msasa. Vaa glavu, viatu vya mpira na barakoa, kwa maana maji ya Msimbazi yamepita kwenye vyoo vya watu. Pili, usizivute droo kwa nguvu. Geuza kabati, fungua ubao wa mgongo, kisha uzisukume droo kutoka nyuma kwa kiganja. Zikikataa, ziache zisinyae zenyewe kwa wiki mbili. Huo ubao wa mgongo bila shaka ni plaiwudi, na kama matabaka yake yameachana, usiusikitikie, tutaweka mpya. Tatu, inua kila kitu juu ya matofali, mbali na ukuta, milango ikiwa wazi, kivulini, na feni izungushe hewa ya chumba bila kuipuliza mbao moja kwa moja. Nne, huo ukungu ufute ukiwa nje ya nyumba, kwa kitambaa chenye spiriti, wala usiufagie ukiwa mkavu ndani ya chumba, kwani utautawanya. Watu hukimbilia jiki. Jiki huondoa rangi nyekundu ya mninga, sehemu kubwa ya kilichoingia ndani ya ubao ni maji tu, na ikichanganywa na dawa ya choo au siki hutoa hewa ya sumu.

Ubao wa meza ulioinuka kingo usiuwekee mawe. Najua utashawishika. Umepinda kwa sababu uso mmoja una maji kuliko mwingine, na nyuso zote mbili zikipata hewa sawa, mara nyingi hurudi wenyewe. Ukiulazimisha ungali na maji, utapasuka katikati.

Kuhusu mabaka meupe, inategemea mezani pamepakwa nini. Dondosha tone la spiriti sehemu iliyojificha, kwa mfano chini ya ukingo. Rangi ikilainika na kunata ndani ya dakika moja, hiyo ni polishi ya kizamani ya sandarusi ya wadudu, ile inayoyeyushwa kwa spiriti, na mabaka yake yataondoka kwa kupitisha juu yake kitambaa kilichodokolewa spiriti kidogo sana, kwa mkono mwepesi usiosimama mahali pamoja. Isipolainika, ni vanishi ya kisasa. Subiri, kwani weupe mwingine hutoka wenyewe mbao ikikauka, na usipotoka itabidi vanishi yote iondolewe ipakwe upya.

Viti vinayumba kwa sababu gundi nyeupe ililegea. Fundi asikupigilie misumari. Kiti kinapaswa kufunguliwa maungio yake, ulimi na tundu lake vikwanguliwe gundi yote ya zamani, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, kisha kipakwe upya na kubanwa kwa klampu usiku kucha. Kabla gundi haijashika, pima kwa tepu kutoka pembe hadi pembe inayokabili, pande zote mbili. Vipimo vikilingana kiti kimekaa sawa, visipolingana kitasimama kwa miguu mitatu maisha yake yote.

Chipubodi sitaizungumzia. Ilivyovimba ndivyo itakavyobaki.

MpangajiManzese

Kaka seremala, nimekusoma kwa heshima, lakini ushauri huu unamfaa mwenye uwanja. Sisi wengine tunaishi chumba na sebule, na baada ya mafuriko familia nzima imelala kwenye chumba kimoja ambacho hakikuingiwa maji sana. Hizo samani za kukaa miezi mitatu juu ya matofali zikiwa wazi pande zote, zitakaa wapi, na sisi tutakaa wapi? Mimi nilianika kitanda changu juani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukianika, na sioni kwamba nilikuwa mjinga.

SeremalaKeko

Ndugu mpangaji, umesema kweli, na sikukusudia kumwita mtu mjinga. Asiye na kivuli anaweza kukitengeneza: funika kitanda kwa shuka au kanga nene ili jua lisiupige ubao moja kwa moja, kigeuze upande kila baada ya saa mbili, na kiondoe jua linapofika utosini. Kilicho muhimu zaidi ni zile ncha za mbao. Zipake nta ya mshumaa au hata rangi iliyobaki, ili maji yatoke kwa ubavu badala ya kutoka kwa kasi nchani. Kitanda cha paini, kama vingi vya siku hizi vinavyotokana na mbao za Mufindi, kivunje vipande ukiweza, maana mbao zilizolala bapa zikiwa na vijiti katikati yake huchukua nafasi ndogo kuliko kitanda kizima na hukauka vizuri zaidi. Hivyo ndivyo mbao mbichi zinavyopangwa kwenye magodauni, na chumba chako kinaweza kuwa godauni dogo.

MshonaSofa

Dada wa Magomeni, naingilia upande wangu tu, kwa kuwa naona sofa imesahaulika.

Sponji iliyonyonya maji ya mafuriko haina matengenezo. Naandika hivi nikijua kwamba nalipwa kwa kutengeneza. Sponji huonekana kavu juu baada ya siku mbili za jua, lakini ukiweka gazeti juu yake na kuikandamiza kwa goti, gazeti litalowa, na kilicholowesha gazeti hilo ndicho mtoto atakachokilalia. Magodoro nayo ni hivyohivyo. Toa, tupa, na kabla ya kutupa piga picha, maana ikiwa nyumba ina bima, watakaokuja kukagua watataka kuona kilichoharibika, na si maelezo yako.

Fremu ndiyo inayoamua kama sofa ifufuliwe. Fumua kitambaa cha chini, ile khamu nyeusi iliyopigiliwa kwa pini, na umulike ndani kwa tochi. Ukikuta mbao ngumu zilizounganishwa kwa ulimi na tundu au kwa skrubu na vipande vya pembeni vya kutia nguvu, kausha fremu hiyo kama alivyoelekeza fundi, kisha sofa ivishwe upya, na itakuwa bora kuliko nyingi zinazouzwa barabarani. Ukikuta vipande vya mabaki ya paini vilivyopigiliwa misumari ovyo, pamoja na kadibodi zilizotumika kujazia mikono ya sofa, iage. Gharama ya sponji mpya, mikanda ya mpira, kitambaa na kazi ya mikono itakuwa sawa na ya sofa mpya, na chini yake bado kutakuwa na fremu dhaifu.

Ukiamua ivishwe, usikubali kitambaa cha zamani kichanwe ovyo. Kifumuliwe mshono kwa mshono, kwa sababu kila kipande ni kielelezo cha kukatia kitambaa kipya. Na uwepo siku sponji inapowekwa. Baada ya kila mafuriko huonekana sofa zenye vitambaa vipya kabisa na harufu ya mtaro.

MzeeWaMakasha

Mwanangu, nimesoma hadi mwisho nikingoja mtu aligusie kasha la bibi yako, na naona wote wamelipita. Mimi niko Unguja, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kuyahudumia makasha na vitanda vya besera vya watu.

Mengi ya makasha haya yalitengenezwa Bara Hindi au kwa mtindo wa huko, kwa msaji, yakafika pwani yetu kwa majahazi, na njumu zake ni misumari ya shaba nyeupe na ya njano iliyopangwa kwa mapambo juu ya mabamba membamba. Msaji una mafuta ya asili yanayoulinda dhidi ya maji na mchwa, kwa hiyo usihofu sana juu ya mbao zake za ubavuni. Hofu iko mahali pawili. Pa kwanza ni sakafu ya kasha na miguu yake, ambavyo mara nyingi vilibadilishwa zamani kwa mbao nyingine dhaifu. Pa pili ni chini ya mabamba ya shaba, ambako tope limeingia na halionekani.

Kwa sababu hiyo, hapa natofautiana na seremala wetu kuhusu feni. Kwa kabati la mninga ni sawa. Kwa kasha lenye shaba iliyofungamana na mbao sipendi feni kabisa, kwani mbao husinyaa na shaba haisinyai, na mambo haya mawili yakikimbizana, vichwa vya misumari hukatika au bamba hutuna. Liweke chumbani penye hewa ya kawaida, kifuniko kikiwa wazi na kimeegemezwa ili bawaba zisibebe uzito, kisha lifunike lote kwa kitambaa cha pamba, kama kanga kuukuu mbili. Usilifunike kwa nailoni, maana utaliotesha ukungu.

Usiing'oe misumari kwa nia ya kusafisha. Usitumie dawa ya kung'arisha shaba. Itaacha unga mweupe kwenye mbao ambao hautatoka, na itaondoa ile rangi ya uzee ambayo ndiyo thamani yenyewe. Kutu ya kijani ikitokea, ipanguswe kwa brashi laini kavu au kijiti cha mwanzi, basi. Wala usipake mafuta yoyote sasa. Watu wengi wana imani na mafuta ya nazi, nami nayapenda katika wali, lakini juu ya mbao zenye maji huwa ni chakula cha ukungu.

Ukiona doa jeusi linalozunguka msumari, huo si msumari wa shaba bali ni wa chuma, pengine uliotumika katika matengenezo ya baadaye. Kutu ya chuma ikikutana na tanini iliyomo ndani ya mbao huzaa weusi unaofanana na wino, na kweli wino wa zamani ulitengenezwa hivyohivyo. Ipo dawa yake, asidi ya oksaliki, lakini ni sumu, na mkono usioizoea utaacha mabaka meupe kuliko lile doa. Liache hilo kwa mtu wa kazi.

Na huyo mtu wa kazi mjaribu kwa swali moja: atafanya nini na vipande atakavyovitoa. Fundi wa kuhifadhi atakwambia kwamba kila kipande, hata kilichooza, atakirudisha kwako kwenye mfuko, na kwamba atatumia gundi inayoweza kufunguliwa tena kwa joto na unyevu, ile ya ngozi, ili atakayekuja baada yake aweze kurekebisha. Fundi wa kung'arisha atakwambia kwamba atalifanya liwe jipya. Kasha lililokuwa la bibi likiwa jipya, si la bibi tena.

Unaona subira tunayokuomba ni ndefu. Mwaka 1966 mto ulifurika mjini Florence, huko Italia, na mchoro mkubwa wa Giorgio Vasari uliochorwa juu ya mbao ukakaa majini kwa zaidi ya saa kumi na mbili. Ulirudishwa mahali pake mwaka 2016. Kasha lako halitahitaji miaka hamsini, mwanangu, lakini lipe angalau mpaka kipupwe kikolee.

BintiMagomeni

Mzee, shikamoo. Nimewasoma wote na nimefanya mlivyosema, na naona ni haki nirudi kueleza kilichotokea, kwa kuwa ni majuma kumi na mawili sasa.

Fundi wa kwanza nilimshukuru nikamwambia hapana, na alikasirika. Kabati la televisheni tulilitoa, isipokuwa rafu mbili za juu ambazo hazikulowa, na kaka yangu amezigeuza rafu za viatu. Sofa tuliimulika kwa tochi kama ndugu MshonaSofa alivyoelekeza. Mkono mmoja ulikuwa umejazwa katoni la biskuti. Nayo ikaenda.

Droo ya kabati niliipima kila Jumamosi kwenye mizani ya jirani anayeuza unga. Ilianza na kilo 6.9, juma la pili ikawa 6.4, kisha 6.0, kisha 5.8, halafu ikawa inashuka kwa vipande vidogo hadi 5.5, na hapo imesimama kwa majuma manne. Droo nne zote sasa zinatoka kwa kidole kimoja, na mbili kati yake zimelegea kuliko zamani. Ule ubao wa meza uliokuwa kama sinia umerudi karibu sawa bila kuwekewa kitu. Kilichobaki ni mwinuko mdogo ambao nauhisi kwa kiganja lakini siuoni kwa macho. Mama alinikuta siku moja nimeubeba mchi niuweke juu yake, akanikumbusha mwenyewe.

Kasha linaendelea vizuri isipokuwa ubao mmoja wa sakafu, ambao umelainika kiasi kwamba unaingia ukucha. Yamebaki maswali mawili. Katika mlango wa kabati, sehemu nyeupe ya ukingoni, nimeona vitundu vidogo vyenye unga laini ambavyo sikuviona kabla. Na la pili, fundi wa Julai amekuja na kipima unyevu chake, kikaonyesha 14. Anataka kuanza kazi, lakini anataka kupaka vanishi juu ya meza tu na kuacha chini yake, kwa kuwa haionekani. Je, ni sawa?

MzeeWaMakasha

Marahaba, mwanangu. Huo ubao wa sakafu usiubadilishe mzima. Sehemu iliyolainika ikatwe, na itiwe kipande cha msaji cha unene uleule chenye nyuzi zinazoelekea upande uleule, kisha chini yake iandikwe kwa penseli mwaka wa matengenezo.

SeremalaKeko

Dada, hongera kwa subira, na mwambie mama kwamba ningemwajiri.

Vitundu vyenye unga ni kazi ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Kiini chekundu cha mninga hawakiwezi, lakini ile sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na gome huipenda, na fundi aliyelichonga mwaka 1987 aliibakiza ukingoni ili apate upana wa mlango, kama tulivyofanya wengi. Pangusa unga wote, weka karatasi nyeusi chini yake, uangalie baada ya wiki moja. Unga mpya ukianguka, wamo na wanakula. Mwambie fundi apake maji ya boraksi ya moto mara mbili kwenye ile sehemu nyeupe na kuyasukumiza ndani ya vitundu kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, kisha aiache ikauke kwa siku kadhaa kabla ya kupaka kitu kingine. Usipoanguka, ni matundu ya zamani yaliyokuwa yamezibwa na polishi, na maji yameyafunua tu.

Droo mbili zilizolegea usimruhusu aziongezee mbao pembeni. Njia za chini zimelika kwa miaka mingi. Apachike utepe mwembamba wa mninga kwenye njia hizo, asugue nta, basi. Na wakati wa kupiga msasa avae barakoa, na watoto wakae mbali, kwa maana vumbi la mninga na la mkongo huwabana watu wengine kifua na kuwawasha macho.

Kuhusu vanishi, hapo fundi wako mzuri amekosea, nawe mkatalie kwa upole. Meza ikipakwa juu tu, uso wa juu utakuwa umefungwa na wa chini uko wazi, na masika yajayo hewa yenye unyevu itaingia kwa upande mmoja. Ubao utainuka kingo tena kama sinia bila hata tone la mafuriko. Apake chini idadi ileile ya mikono, yaani matabaka ya vanishi, atakayopaka juu, na zile ncha za mbao azipake mkono mmoja zaidi, kwa sababu ndizo zinazokunywa kuliko sehemu nyingine yoyote. Miguu ya meza aigeuze juu chini, apake na nyayo zake. Akisema ni gharama, mwambie utanunua kopo la pili mwenyewe.